Kabla ya Kununua Umeme wa Jua, Hesabu Kwanza Matumizi ya Nyumba Yako

Siku hizi ni vigumu kupita katika mji wowote wa Uganda, tangu Mbale hadi Arua, usione duka lililoegemeza paneli za jua mlangoni pake. Askari anayekwenda likizo huziona, akakumbuka nyumba yake ya kijijini ambako nguzo za umeme hazijafika, naye hutia mkono mfukoni. Paneli hufungwa nyuma ya bodaboda, betri hupakatwa kama mtoto, na jioni hiyo nyumba nzima hucheka. Aghalabu, hata kabla mwaka haujaisha, kibatari hurudi mezani na paneli hubaki juu ya mabati ikiota vumbi.

Jambo hilo lilitupata sisi wenyewe, nami nitalieleza bila kuficha, kwa kuwa najua nyumba nyingi za askari zimepitia njia hiyo hiyo zikanyamaza kwa aibu.

Mume wangu ni askari polisi. Mwezi wa Aprili 2018 alipewa mkopo wa kukatwa katika mshahara, akapita dukani akielekea nyumbani kwetu, kijiji kilicho mbali kidogo na barabara kuu itokayo Mbale kwenda Soroti. Mwenye duka alimwuliza swali moja tu: "Afande, una kiasi gani?" Hakumwuliza nyumba ina vyumba vingapi, wala watoto wanasoma mpaka saa ngapi, wala kama tunayo televisheni. Akapima mali yake kwa kipimo cha fedha za mnunuzi, akatoa paneli ya wati 80, betri ya gari ya ampia-saa 70, na inveta ya wati 1000. Mume wangu aliipenda sana ile inveta. Namba 1000 ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa nyekundu.

Juma la kwanza tulikuwa kama watu wa mjini. Juma la tatu inveta ilianza kulia saa tatu za usiku, sauti nyembamba isiyonyamaza mpaka uizime. Tukadhani ina ubovu. Tukazoea: ikilia, tunazima televisheni, tunangoja kidogo, tunawasha tena. Kufikia Agosti ilikuwa inalia saa moja na nusu, wakati chakula hakijapakuliwa. Mwishoni mwa Oktoba betri ilikufa kabisa, siku chache kabla ya mtihani wa darasa la saba, na binti yetu mkubwa alikuwa miongoni mwa watahiniwa. Alimalizia masomo yake mbele ya kibatari, pua zake zikiwa nyeusi kwa moshi kila asubuhi. Mkopo tuliendelea kuulipa kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja, tukilipia kitu kisichowaka.

BETRI ILIYOKUFA KWA NJAA

Aliyetutoa katika ujinga huo ni mzee mmoja wa tarafa yetu, mwanajeshi mstaafu aliyetumikia kikosi cha mawasiliano, ambaye sasa hutengeneza redio. Aliitazama betri, akaifunua, akatikisa kichwa.

"Mama, betri hii haikuugua. Imekufa kwa njaa. Mlikuwa mnakula kuliko mnavyolima."

"Mzee, lakini tulikuwa na taa chache tu na televisheni moja."

"Taa ngapi? Saa ngapi? Televisheni ya wati ngapi?"

Sikuweza kumjibu hata swali moja. Hapo ndipo aliponiagiza nichukue daftari la shule, nipige mistari minne, na kwa siku saba niandike kila kitu kilichomo nyumbani kinachohitaji umeme: jina lake, wati zake, na saa tunazokitumia kwa siku. Mstari wa nne niuache wazi kwa ajili ya hesabu. Kwa kuwa betri ilikuwa imekufa, niliandika saa za kibatari kana kwamba ni saa za balbu, na saa za televisheni nilizikumbuka kwa vipindi tulivyokuwa tukivitazama.

Yafaa kueleza hapa maana ya wati, maana wengi wetu tunaitaja bila kuielewa. Wati ni kasi ya kula. Balbu ya wati 5 hula polepole, pasi ya wati 1000 hula kwa pupa. Lakini kasi peke yake haikuambii chakula kitakachokwisha. Lazima ujue pia muda wa kula. Ukizidisha wati kwa saa unapata wati-saa, na hizo ndizo zinazotoka katika betri. Uniti moja wanayonunua watu wa mjini katika mita zao ni wati-saa 1000. Jina lenyewe la wati ni la James Watt, Mskoti aliyeishi kati ya 1736 na 1819, bingwa wa mitambo ya mvuke. Hakuwahi kuwasha balbu hata moja.

Wati za kitu huandikwa nyuma yake au chini yake, katika kibandiko kidogo ambacho hatuna desturi ya kukisoma. Pengine hukuti wati bali volti na ampia: zidisha hizo mbili, wati zitatokea. Angalia pia usidanganyike na sanduku la balbu. Balbu za siku hizi huandikwa kwa herufi kubwa kwamba mwanga wake ni sawa na wati 60, na kwa herufi ndogo kwamba zinakula wati 7 au 9. Ile ndogo ndiyo ya kuandika katika daftari.

DAFTARI LILIVYOTUUMBUA

Hesabu yetu ilikuwa hivi. Balbu ya sebuleni, wati 7 kwa saa 4, wati-saa 28. Balbu ya jikoni, wati 5 kwa saa 3, wati-saa 15. Chumba cha watoto wanamosomea usiku na tena alfajiri, wati 7 kwa saa 5, wati-saa 35. Chumba chetu, wati 5 kwa saa moja tu, wati-saa 5. Redio, wati 6 kwa saa 6, wati-saa 36. Simu tatu za nyumbani, kila moja ikihitaji kama wati-saa 15 kwa siku, jumla 45. Mpaka hapo moyo wangu ulikuwa mtulivu.

Kisha tukafika kwenye taa ya nje. Ni balbu ndogo ya wati 5, ambayo mume wangu aliisisitiza kwa ajili ya usalama wakati yeye yuko kazini, na sikuwahi kuifikiria. Lakini huwaka tangu giza linapoingia hadi karibu na mapambazuko, saa 11. Wati-saa 55. Ilikuwa inakula kuliko sebule na jiko kwa pamoja!

Tukafika kwa majirani. Msomaji wa kijijini anajua: ukishaweka paneli, nyumba yako huwa ofisi ya simu. Nilihesabu kwa siku saba nikapata wastani wa simu tano kwa siku zilizoletwa na watu. Wati-saa 75, zaidi ya mwanga wote wa watoto wangu kwa siku mbili.

Mwisho televisheni. Yenyewe ilikuwa ya wati 30, nasi huitazama saa 4, basi wati-saa 120. Nikataka kufunga daftari, mzee akanizuia. "Na hicho kisanduku cha chini yake?" Alimaanisha king'amuzi. Kilikuwa cha wati 12. Nikaandika saa 4. Akaniuliza ni nani anayekizima. Nikanyamaza, kwa kuwa jibu lilikuwa hakuna. Tulikuwa tukizima televisheni kwa kidude cha mkononi na kwenda kulala, huku king'amuzi kikiendelea kuwaka usiku na mchana na kutia joto sebuleni. Wati 12 kwa saa 24 ni wati-saa 288. Kitu ambacho hakuna mtu aliyekitazama kilikuwa kinakula zaidi ya mara mbili ya televisheni yenyewe.

Jumla ikawa wati-saa 702 kwa siku. Hapo hatujagusa inveta, ambayo nayo hula hata ikiwa haina kazi; inveta kubwa yaweza kumaliza wati 10 hivi kwa kukaa tu macho. Mara saa 24, hiyo ni wati-saa 240 za bure. Kumbe ile namba nyekundu iliyotupendeza ilikuwa ni mdomo mwingine mkubwa katika nyumba.

Upande wa pili wa hesabu ni kile tulichokuwa tunalima. Paneli ya wati 80 haitoi wati 80 kutwa. Wati hizo hupimwa katika maabara, chini ya mwanga mkali kama wa jua la adhuhuri na paneli ikiwa katika nyuzi 25 za joto. Jua letu la asubuhi ni dhaifu, la jioni kadhalika. Mwanga wote wa siku ukikusanywa pamoja, Uganda kwa wastani hupata kiasi cha saa 5 za jua kamili. Mzee alituonya tusihesabu kwa wastani, bali kwa miezi ya mvua, maana watoto hawaachi kusoma kwa sababu ya mawingu. Akatumia saa 4. Wati 80 mara saa 4 ni wati-saa 320. Tena si zote zinazofika kwenye balbu. Betri hairudishi yote iliyopewa, waya hula njiani, inveta hukata chake, na paneli ikipata joto kali juu ya mabati hupunguza nguvu. Kanuni yake ilikuwa rahisi: kwa kila wati-saa 10 za kutumia, uvune 13. Kwa kanuni hiyo, zile 320 zilitupatia kama 246.

Tulikuwa tunavuna 246 tukitaka kula 702. Kila usiku betri ilikamuliwa hadi tone la mwisho, nayo ilikuwa betri ya gari, ambayo imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa nukta chache za kuwasha injini na kujazwa mara moja. Haikuundwa kunyonywa polepole usiku kucha. Kilio cha inveta kilikuwa ni taarifa, nasi tuliifanya kero.

KUPUNGUZA KABLA YA KUONGEZA

Mume wangu alipoelezwa hayo kwa simu, jambo la kwanza alilotaja ni kununua paneli kubwa. Ndivyo tulivyo wengi. Lakini daftari lilikuwa limekwisha kutuonyesha kwamba shamba la bei nafuu kuliko yote lilikuwa ndani ya nyumba. Tulifunga swichi ya ukutani kwa televisheni na king'amuzi, vikazimwa pamoja. Wati-saa 288 zikashuka kuwa 48. Taa ya nje tukaweka ya wati 3, nayo inatosha kabisa kumwona mtu langoni. 55 zikawa 33. Balbu zote tukazihamishia kwenye waya wa volti 12 unaotoka moja kwa moja katika kidhibiti chaji, ili inveta iwashwe wakati wa televisheni tu.

Kuhusu majirani tulibishana. Mume wangu alitaka tuwakatalie. Mimi ndiye ninayeishi nao. Mtoto akishikwa na homa usiku, ni simu hizo hizo zitakazomwita mwenye pikipiki. Mzee alileta suluhisho ambalo lilinifurahisha: simu za watu zipokewe saa sita mchana hadi saa tisa tu. Saa hizo jua ni kali, betri inakaribia kujaa, na umeme ule ungepotea. Basi 75 za majirani zilibaki katika hesabu ya paneli, lakini hazikuulemea usiku wetu.

Jumla mpya ilikuwa wati-saa 440. Mwanga haukupungua chumba chochote, wala saa za televisheni.

Kutoka hapo, hesabu ya vifaa hujiendesha. Zidisha 440 kwa 1.3, upate 572. Gawanya kwa saa 4 za jua, upate wati 143. Paneli yetu ya zamani ilikuwa na 80. Tukanunua ya pili iliyo sawa nayo kwa volti na kwa wati, zikawa 160. Kumbe paneli haikuwa na kosa lolote, ilihitaji mwenzake.

Betri tuliihesabu kwa siku mbili, ili siku moja ya mawingu mazito isitutie gizani. Mara mbili ya 440 ni 880. Betri ya risasi na asidi haifai kushushwa chini ya nusu yake ukitaka idumu, basi ilihitajiwa yenye wati-saa 1760. Gawanya kwa volti 12: ampia-saa 147. Tulichukua ya 150, iliyotengenezwa kwa ajili ya jua na siyo kwa gari. Ile betri ya kwanza ya ampia-saa 70, kwa kipimo hicho cha nusu, ilikuwa na wati-saa 420 tu za kutumia kwa salama, hata ingekuwa mpya na imejaa. Siku hizi zinapatikana pia betri za lithiamu, ambazo huweza kutoa kama sehemu 8 katika kila 10 bila kuumia. Kwa nyumba kama yetu ya ampia-saa 100 ingetosha na kubaki. Bei yake ni kubwa zaidi mwanzoni, na kidhibiti chaji lazima kiwe na mpangilio wa lithiamu.

Kidhibiti chenyewe hupimwa kwa ampia: wati 160 gawanya kwa 12, ni kama ampia 13, tukachukua cha ampia 20. Inveta ya 1000 tuliiuza, tukanunua ya wati 300. Televisheni na king'amuzi vyote pamoja ni wati 42, kwa hiyo hata hiyo ni kubwa.

Neno moja kuhusu waya, kwa kuwa mafundi wengi hulipuuza. Mzigo wa wati 60 katika umeme wa mjini wa volti 240 hupitisha robo ya ampia. Mzigo huo huo katika volti 12 hupitisha ampia 5, mara ishirini zaidi. Ukifunga betri mbali na ukatumia waya mwembamba uliosalia kwenye kazi nyingine, waya utapata joto na balbu ya chumba cha mwisho itafifia. Weka betri karibu na paneli, tumia waya mnene, na karibu na betri weka fyuzi. Kadhalika paneli isilazwe ikagusana na mabati: acha nafasi upepo upite chini yake, na iinamishwe kidogo ili mvua ioshe vumbi. Tawi la mwembe linalotia kivuli pembe moja tu laweza kuipunguzia paneli nguvu nyingi kuliko unavyodhani. Sisi tulikata matawi mawili, na mama mkwe alinuna kwa muda.

PASI, BIRIKA NA JOKOFU

Sasa nasema na wake za askari wenzangu, maana ombi la kwanza la kila mume mwenye sare ni pasi ya umeme. Pasi ya wati 1000 kwa nusu saa ni wati-saa 500. Kunyosha sare moja ya gwaride kungekula zaidi ya nyumba yetu nzima kwa siku. Zaidi ya hayo, wati 1000 kutoka betri ya volti 12 ni ampia zaidi ya 80 kwa mpigo, mkondo ambao waya za kawaida za nyumbani haziwezi kuuhimili. Pasi ya makaa bado ina kazi yake, nami sijaona afisa aliyetambua tofauti kwa kutazama mikunjo ya suruali. Birika la wati 1500 kwa dakika 10 ni wati-saa 250, chai ya mara moja tu. Kupika tusikutaje.

Jokofu ni jambo la kufikiriwa kwa makini zaidi. Dogo la nyumbani huweza kula kati ya wati-saa 600 na 1000 kwa siku, na linapoanza kunguruma huvuta kwa nukta chache mara kadhaa ya wati zake za kawaida, hivyo inveta ndogo hushindwa. Kuliweka ni kuizidisha mitambo yote mara mbili hadi tatu. Mwenye kuuza soda au samaki aweza kuona faida yake kwa kalamu. Mwenye kutaka maji baridi peke yake ana mtungi.

Jambo jingine linatuhusu sisi kuliko watu wengine. Familia ya askari haina idadi moja mwaka mzima. Watoto wa bweni hurudi, baba huja likizo na rafiki zake, wageni hulala. Nilipohesabu juma la Oktoba nyumba ilikuwa na watu sita. Desemba tulikuwa kumi na mmoja na televisheni haikupumzika. Hesabu kwa mwezi uliojaa, au jua mapema kwamba mwezi huo mtapunguza kitu. Na kama unakaa katika kota, kumbuka uhamisho. Paneli ifungwe kwa bolti, waya zipite juu ya ukuta na siyo ndani yake, na ruhusa iombwe kwa mkuu wa kambi kabla ya kugusa paa la serikali. Nimeona familia ikihama ikaacha nusu ya mali yake imejengewa katika saruji.

Wako wanaochukua vifaa vya kulipia kidogo kidogo kwa simu. Si vibaya. Lakini navyo vina wati na betri kama vingine. Soma kilichoandikwa, linganisha na daftari lako. Ukikuta vinatosha taa tatu na redio, basi ni taa tatu na redio. Usiahidi watoto televisheni halafu ukaja kuilaumu kampuni.

Nikipita Soroti huona kituo cha umeme wa jua kilichozinduliwa Desemba 2016, chenye megawati 10, paneli zimepangwa kama askari wa gwaride mpaka macho yachoke. Kazi yake ni ile ile ya paneli zetu mbili. Nalo bwawa la Jinja, ambalo zamani liliitwa Owen Falls na leo ni Nalubaale, lilifunguliwa Aprili 1954. Mwezi huo huo, kule Marekani, wataalamu wa maabara ya Bell walionyesha hadharani seli ya silikoni iliyogeuza mwanga wa jua kuwa umeme. Nguzo za Jinja bado hazijafika kijijini kwetu. Mtoto wa ile seli yuko juu ya mabati yangu.

Mitambo yetu mipya ilifungwa Januari 2019. Betri ile ya 150 ilituhudumia hadi 2023, tukaibadilisha na ya lithiamu. Daftari la kwanza bado linaning'inia kwenye msumari kando ya kidhibiti chaji, na sheria ya nyumba ni kwamba hakuna kifaa kinachochomekwa kabla ya kuandikwa. Binti yule aliyesomea kibatari alirudi na kompyuta ndogo ya chuo, akaiandika mwenyewe: wati 45, saa 3, wati-saa 135, na pembeni akaongeza kwamba ataichaji mchana. Juzi mdogo wake alikuja na mashine ya kunyolea nywele, akitaka kufungua kinyozi chini ya mwembe siku za soko. Nimempa kalamu. Mashine ni ya wati 10, ila bado hajaniambia anatarajia vichwa vingapi.